Bwana Mkubwa Huzimika Saa Sita

9 Februari

Mwanangu fundi,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na nyingine kutoka kwa paka, ambaye tangu uondoke analala kwenye kitanda chako na hataki kuambiwa lolote. Mimi mzima. Paa la jikoni limeacha kuvuja, si kwa kuwa limetengenezwa, ila mvua imekatika. Kazini ni yaleyale. Asubuhi nafungua dirisha la dawa, watu wanapanga foleni, nawapa vidonge vyao, wananiuliza kama ndivyo vile vya mwezi uliopita, nawaambia ndivyo, hawaamini, wanaondoka. Umebaki mwaka mmoja na nusu nistaafu. Mkeo hajambo? Mwambie lile shuka alilonipa natandika siku za wageni tu, na kwa kuwa sipati wageni, bado jipya.

Sasa nije kwenye jambo langu. Jumanne iliyopita nilikupigia simu mara nne. Mara zote nne alipokea yule dada wa mtandao, akaniambia mtu ninayempigia hapatikani kwa sasa. Mara ya nne nilikaribia kumuuliza habari za watoto wake, maana tumeshazoeana. Hebu nieleze, mwanangu. Kazi yako ni kutengeneza simu za watu. Kutwa umekaa katikati ya simu, na chaja zinaning'inia mpaka usoni. Inakuwaje wewe ndiye usiyepatikana?

Simu yangu hii ya vitufe, unayoicheka kila ukija, naichaji Jumapili nikimaliza kufua, mpaka Jumapili nyingine. Jumanne hiyo ilikuwa na vijiti vyote vinne. Haina kamera, haina ramani, ina tochi basi. Tunafanana mimi nayo. Hatujui mambo mengi, lakini tukiitwa tunaitika.

Usiniulize nilitaka nini. Nilikuwa nimesafiri kidogo kwa shughuli zangu, nikakukumbuka. Jambo lenyewe limeshapita.

Barua hii nampa dereva wa gari la dawa. Anafika kwetu mara moja kwa mwezi na kibanda chako kiko njiani kwake. Yeye chaji haimhusu, anatumia dizeli.

Nisamehe mwandiko, kalamu ni mbovu.

Shangazi yako


28 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu na anasema tandika hilo shuka, usimngoje mgeni. Kibanda kinakwenda. Nimepaka rangi mbele, nikaishiwa nikiwa nusu, kwa hiyo ukija kutoka upande wa sokoni utaona duka la maana, na ukija kutoka upande wa pili utaniona mimi.

Barua yako nilianza kuisoma kwa sauti mbele ya mteja, kwa ujinga wangu, nikidhani ni salamu tu. Alicheka mpaka akasahau simu yake. Sina pa kujitetea. Juu ya kichwa changu kuna kibao kinachosema BETRI, VIOO, CHAJI, HUDUMA YA HARAKA, na chini yake nimekaa mimi na simu iliyozima. Mtaani wameniondolea jina nililopewa na marehemu baba, wananiita Asilimia Tatu.

Lakini ungeiona simu yenyewe, shangazi. Ina kamera nne. Nimejaribu kutafuta vitu vinne vya kupiga picha, sijavipata. Inahesabu hatua ninazotembea, na kwa kuwa nakaa kutwa, jioni inaniletea ujumbe wa kunipa moyo kama mgonjwa. Inafunguka kwa kuniangalia uso, ila asubuhi kabla sijanawa hainitambui. Inapima mapigo ya moyo. Chaji ikishuka napata wasiwasi, nikipata wasiwasi napima moyo, nikipima moyo chaji inashuka. Mke wangu anasema tangu niinunue hatujawahi kufikisha ugomvi mwisho, maana kila akifika kwenye neno lenyewe, simu inazima.

Nimekutumia zawadi kwa dereva. Ni simu janja, nimeiunga mwenyewe kutoka kwa simu tatu zilizokufa. Kioo ni cha moja, moyo wa nyingine, na betri ya ile ya tatu ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa na umri. Usiiogope. Ina kamera inayovuta kitu karibu mpaka unaona miguu ya nzi. Ukizoea hutaitazama tena hiyo ya vitufe.

Na kalamu nimekuwekea mpya humo kwenye boksi. Barua yako ilikuwa kurasa tano, maneno ya ukurasa mmoja na nusu. Herufi zimenenepa hivyo kwa raha gani? Wewe ndiye uliyenilea tangu darasa la pili, na ulinifinya sikio kwa kuharibu daftari namna hiyohiyo.

Hilo jambo lililopita lilikuwa nini? Nauliza tu.

Asilimia Tatu


6 Aprili

Marahaba mwanangu.

Zawadi ilifika salama, na kalamu pia. Kalamu hii nayo ni mbovu, kwa hiyo mwandiko utauvumilia. Paka hajambo. Mkuu wa kituo amenunua miwani na sasa anaona vumbi lote ambalo lilikuwepo siku zote, hatupumui.

Simu yako nimeipa jina. Naiita Bwana Mkubwa, kwa sababu haitaki jua, haitaki maji, haitaki kuanguka, na haitaki kufanya kazi mchana. Siku ya kwanza niliiongelea kichwa chini miguu juu. Siku ya pili nilimpigia mkuu wa kituo mara tatu kwa shavu, na mara ya tatu akaja mwenyewe dirishani kuuliza kama nimepata kiharusi. Siku ya tatu niliizima kwa bahati mbaya, nikakaa dakika ishirini nikidhani nimeiua, nikaanza kutunga maneno ya kukwambia.

Sasa nimeizoea. Naitumia kupiga na kupokea basi, hayo mengine ni ya vijana. Lakini mbona haikai na chaji? Asubuhi natoka nayo kwa kinyozi imejaa. Saa sita mchana Bwana Mkubwa anazimika, na foleni bado imefika mlangoni. Kinyozi ndiye mwenye umeme wa uhakika huku. Kituoni tuna sola moja ya friji ya chanjo, na hiyo haiguswi. Mwaka juzi nilimkatalia mkuu wa kituo mwenyewe asichaji hapo, siwezi leo kuonekana nimechomeka Bwana Mkubwa.

Tafadhali niambie namna ya kumfanya adumu mpaka saa tisa. Hata saa nane na nusu.

Nimekutumia pia ile ya vitufe uitengeneze. Vitufe vimekufa, hasa vya namba.

Kuhusu lile jambo, nimekwambia limepita.

Shangazi yako


25 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Huku salama. Upande wa pili wa kibanda bado haujapakwa rangi. Mke wangu amenipa mpaka mwisho wa mwezi, hakusema mwezi gani.

Kwanza hiyo ya vitufe. Nimeifungua, nimeisafisha kwa mswaki na spiriti, nimebonyeza kitufe kimoja kimoja kuanzia moja mpaka sifuri. Vyote vizima, shangazi. Hata namba zenyewe hazijafutika. Nimeirudia mara tatu nikijitilia shaka mimi, kama nilivyozoea. Labda vumbi.

Nimekaa nayo kwa muda, maana yangu ya kamera nne imeharibika tundu la chaja. Nimeitengeneza kwa mikono yangu na sasa haichaji kabisa. Ndiyo huduma ya haraka hiyo. Kwa hiyo nimehamishia laini yangu kwenye simu yako, na natembea nayo mfukoni. Siku ya kwanza nilikuwa napangusa kile kioo kidogo kwa kidole, watu wananitazama. Siku ya tatu nilikuta bado ina vijiti vinne, nikaitilia shaka, nikaipiga piga kwenye goti. Vinne vilevile. Sasa ni siku ya tano.

Nimegundua jambo la aibu. Watu wananipata. Mwenye kibanda amenipata, mama mkwe amenipata mara mbili, mteja niliyemwahidi simu yake tangu mwezi wa kwanza amenipata nikiwa mezani nakula. Zamani ningesema chaji iliisha. Kumbe miaka yote hii sikuwa na simu, nilikuwa na kisingizio chenye kamera nne.

Sasa Bwana Mkubwa. Punguza mwanga wa kioo. Zima ramani. Funga yale usiyoyatumia. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa, kwa sababu unasema unapiga na kupokea tu. Mtu wa kupiga na kupokea, hata kwa betri ile chakavu, alale na chaji mpaka kesho yake. Au unapigiwa na nani huyo asiyechoka? Kama kuna mtu, sema, tujiandae.

Nimekutumia pawabenki. Ni nzito, usiiweke kwenye mfuko wa gauni, utatembea umeinama. Iunganishe na simu kwa ule waya mfupi.

Nakubusu mikono.

Asilimia Tatu, ambaye leo ana vijiti vinne


3 Juni

Marahaba mwanangu.

Hatujambo. Hakuna anayenipigia, na kama angekuwepo ningekuwa nimemwambia asinichoshee betri.

Pawabenki ilinifaa wiki tatu. Nilikuwa naiweka kwenye droo ya dirishani, waya umetoka nje, Bwana Mkubwa mkononi. Watu wakadhani kituo kimeletewa mashine mpya. Mzee mmoja aliniomba nimpime nayo presha, nikamwambia ya kwake ni nzuri. Sasa pawabenki yenyewe inachoka saa nne, na Bwana Mkubwa anapata joto la kupasha chai. Juzi Alhamisi alizimika saa tatu asubuhi. Nilifunga dirisha mapema, kulikuwa na mambo ya stoo.

Nimempa dereva akuletee. Mwanangu, naomba ubadilishe betri, uweke kubwa kuliko zote ulizo nazo, hata ikitokeza kwa nyuma nitafunga kwa mpira. Nayahitaji masaa, sihitaji urembo. Na nakuomba usiniwekee ahadi zako zile za wateja. Nataka irudi na dereva safari yake ya kwanza. Ni muhimu kwangu kuliko unavyodhani.

Barua ni fupi kwa sababu mkono umechoka.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nilitaka kukupigia, nikakumbuka simu zako zote mbili ziko mezani kwangu. Ndiyo maana naandika.

Betri nimeshabadilisha. Nimeweka kubwa, mpya, haitokezi. Lakini kabla ya kubadilisha nilifanya tunachofanya sisi mafundi: nilifungua ule ukurasa unaoonyesha betri imeliwa na nini. Watu wengi hawajui kama upo. Mimi naujua na sijawahi kuutazama wa simu yangu, naogopa.

Kupiga na kupokea, asilimia mbili. Kamera, asilimia themanini na sita. Masaa matano kila siku, shangazi, kuanzia saa mbili asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Nilicheka. Naomba radhi, nilicheka kweli, nikamwita mke wangu nikamwambia shangazi amekuwa mpiga picha. Tukaenda kwenye picha tuzione. Ziko mbili tu. Moja ni ya kidole chako gumba. Nyingine ni ya karatasi ya chupa ya dawa, imevutwa karibu mpaka neno moja limejaza kioo chote. Limeandikwa MARA.

Mke wangu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Mimi huwa nachelewa. Akaniuliza, "Barua za shangazi ziko wapi?" Tukazipanga mezani. Ya Februari, kila herufi inalingana na ukucha. Ya Juni, kila herufi inalingana na kidole. Nilikuwa nimezisoma zote nikatania kuhusu daftari. Nikaikumbuka ile simu iliyokufa vitufe na haijafa. Nikakumbuka kalamu mbili mbovu mfululizo, na foleni iliyofika mlangoni wakati simu ni ya kupiga na kupokea tu. Mimi naweza kuona waya mwembamba kama unywele ndani ya simu ya mtu nisiyemjua, na hili sikuliona.

Jioni nikamuuliza dereva. Akasema Jumatano, siku moja kabla hujafunga dirisha mapema, alishusha maboksi kumi na mawili, akabaki huko siku chache, na Alhamisi akasikia watu wakiambiwa dawa zimekwisha. Hizo dawa hazikuwa zimekwisha, shangazi. Chaji ndiyo iliyokwisha, na bila Bwana Mkubwa hukuweza kusoma chupa.

Nimejua kwa nini hukusema. Umebakiza mwaka mmoja na kidogo. Umesimama kwenye dirisha hilo miaka ishirini na sita, hujawahi kumpa mtu dawa isiyo yake, na unaogopa ukisema macho yamechoka utaambiwa nenda nyumbani. Nakuelewa. Lakini naogopa siku moja Bwana Mkubwa atazimika katikati ya chupa mbili zinazofanana, na wewe kwa kuona foleni ni ndefu utasema hii ndiyo. Naogopa kwa ajili ya huyo mtu, na zaidi naogopa kwa ajili yako, kwa sababu nakujua, hutainuka tena.

Kwa hiyo simu ni nzima, ina chaji asilimia mia, iko kwenye droo yangu, na nimeifungia. Siirudishi mpaka umeonana na daktari wa macho. Ningeweza kumwandikia mkuu wa kituo. Sijaandika, nimekuachia wewe. Najua nimevuka mpaka, mtoto hamnyang'anyi shangazi yake kitu. Naogopa kama siku ile nilipovunja ile chupa yako ya mafuta nikaenda kujificha kwa jirani. Lakini safari hii sijifichi.

Ya vitufe bado ninayo, inalia vizuri. Nipigie kwa simu ya mtu yeyote, nitapokea.

Mwanao


2 Julai

Fundi,

Dereva ananisubiri. Simu ni mali yangu. Dirisha ni kazi yangu. Macho ni yangu.

Irudishe.


9 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nimepokea barua yako. Maneno kumi na matano ukihesabu na Fundi, ukurasa mzima. Nimeyahesabu kwa sababu nilikuwa natafuta hata salamu moja ya kujificha ndani yake.

Sirudishi.

Nimekaa siku nne nikijaribu kuandika maneno mazuri zaidi ya hayo, sikuyapata. Mke wangu anakusalimu. Upande wa pili wa kibanda nimeupaka rangi, nilihitaji kitu cha kufanya na mikono.

Simu ya vitufe iko mfukoni. Ina vijiti vitatu na leo ni siku ya sita. Nitaichaji hata kama haijaomba.

Mwanao


4 Oktoba

Mwanangu, marahaba, za Julai, za Agosti na za Septemba.

Najua umekaa ukidhani nimekususa. Nilikuwa nimekususa kweli, mpaka katikati ya Agosti, nikachoka. Kususa kunataka nguvu, na mimi umri wangu ni wa betri ya ile simu ya tatu.

Angalia mwandiko huu. Nimejaza upande mmoja tu wa karatasi na bado nina nafasi ya kukusema. Kalamu ni ileile mbovu.

Habari za nyumbani ni nyingi, kwa sababu sasa naziona. Paka ana kovu puani, sikuwahi kujua. Jikoni kwangu ni kuchafu, mwanangu. Miaka miwili nimekuwa nikijisifu kwa wageni nisiokuwa nao kwamba nyumba inang'aa. Nilipofunguliwa kitambaa cha jicho nikarudi nyumbani, nilisimama mlangoni nikataka kumuuliza mwenye nyumba haoni haya. Na kwenye kioo cha chumbani kuna mama mmoja mtu mzima, ana mikunjo, ana nywele nyeupe. Nikamwamkia.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kutetea miaka ishirini na sita, nimepanga hoja zangu tangu nyumbani. Akavua miwani yake, akaniambia yeye mwaka mzima alikuwa anasaini karatasi bila kuziona, ndiyo maana alinunua. Hoja zangu zote nikarudi nazo. Muuguzi amekaa dirishani wiki tano, mimi nikiwa pembeni yake. Nilikuwa namtajia kila kidonge kwa rangi na umbo, yeye ananisomea chupa. Jumatatu iliyopita nimerudi mwenyewe. Sikufukuzwa. Hakuna hata aliyelifikiria hilo isipokuwa mimi.

Sikiliza pia hili, nililisema kwa mkuu wa kituo na nalisema kwako. Alhamisi ile, watu kumi na tisa walirudi bila dawa. Mmoja ni mama aliyetembea na mtoto mwenye homa. Alirudi kesho yake, mtoto akapona. Mama yule alinishukuru, na mimi nikapokea shukrani zake. Sitakaa nisahau hilo. Ulikuwa sahihi kufungia droo.

Bwana Mkubwa alinifikia kwa dereva, asante. Sasa nimegundua ana tabia nzuri. Namchaji Jumatatu anafika Jumatano jioni. Nilikwambia tatizo ni betri. Tatizo lilikuwa mimi.

Ile ya vitufe, kaa nayo. Namba naziona sasa vizuri sana, hata ile saba iliyopasuka, lakini wewe unaihitaji zaidi.

Nije kwenye jambo lenyewe. Uliniuliza, na mara mbili nimekwambia limepita. Halikuwa limepita.

Jumanne ile ya Februari, nilipokupigia mara nne, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali ya macho. Nilikuwa nimeshapimwa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ni upasuaji wa nusu saa, na nafasi ipo siku hiyohiyo. Nikamwambia ngoja nimwambie mwanangu. Sikuwa na cha kukwambia. Nilitaka mtu mmoja aniambie nenda, basi. Nikapiga, nikapiga, nikapiga, nikapiga. Kisha nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani, na njia nzima nikawa nakulaumu wewe na kamera zako nne. Nikakuandikia barua ya kujisifu kwamba mimi nikiitwa naitika.

Usianze kujipiga kichwa, nakujua. Hebu nisome vizuri, nimeandika kwa herufi ndogo makusudi ili usogee karibu. Mwoga alikuwa mimi. Siku ile nilikuwa naomba usipokee. Nilipiga ya kwanza nikashukuru, ya pili nikashukuru. Ya nne ilikuwa ya kuweka ushahidi.

Tarehe kumi na tisa mwezi wa nane nilikaa tena kwenye benchi lilelile. Wakaniita jina. Nikamwomba muuguzi simu yake, nikasema ngoja nimwambie mwanangu, na moyoni nimeshaanza kutafuta mkoba wangu ulipo. Nilikuwa nimekususa, ni wiki sita hatujaandikiana, wewe ni Asilimia Tatu. Nilijua atapokea yule dada.

Ulipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Hukuuliza ni nani. Ulisema, "Shangazi, nenda." Nikamrudishia muuguzi simu yake, nikasimama, kwa sababu nilikuwa nimebaki bila kisingizio.

Shangazi yako